Tunataka kukata shamba la Kerege tuuze viwanja: barabara ziwe na upana gani, na nani anazijenga?

"Shikamoo mtaalamu. Mama alituachia shamba la ekari nne huku Kerege, Bagamoyo, lina minazi na mikorosho michache. Sisi ni ndugu watano, mimi ndiye dada mkubwa, na tumekubaliana tulikate viwanja tuuze kila mtu apate chake. Dalali ametuletea karatasi aliyochora mwenyewe: viwanja 36 vya 20 kwa 20 na njia mbili za mita 5. Anasema mwenyekiti wa kitongoji akigonga muhuri imetosha. Nilipokwenda halmashauri nikaambiwa njia hizo hazipiti, lazima tuanze na mchoro wa mipango miji na barabara ziwe pana. Mpwa wangu aliyeko Marekani anasema anayekata viwanja lazima ajenge kwanza barabara za lami na mitaro ndipo auze. Hela hiyo hatuna. Halafu kuna hili: shamba halijapakana na barabara ya gari, tunapita kwenye kijia cha mita 3 kando ya shamba la jirani. Nani yuko sahihi, na tutapoteza viwanja vingapi?"

Marahaba dada yangu, na Mungu amrehemu mama. Umeuliza juu ya upana wa barabara, juu ya nani anazijenga, na juu ya viwanja vitakavyopungua. Kilichonishtua mimi ni hicho ulichokitaja mwishoni kama nyongeza, kile kijia. Nitakifikia, maana ndicho chenye uzito kuliko vyote.

Kwa kifupi: ofisa wa halmashauri yuko sahihi. Mpwa wako yuko sahihi kwa huko aliko. Dalali hayuko sahihi, ingawa hesabu yake ya viwanja haina kosa.

Tumalizane na mpwa kwanza. Huko Marekani kila mji na kila kaunti ina kanuni zake za kugawa ardhi. Kwa kawaida mwenye mradi hujenga barabara, mitaro na mabomba kwa viwango vya mji, wakaguzi wakapita, kisha mji ukazipokea kuwa mali yake. Akitaka ramani yake iandikishwe kabla hajamaliza kazi, huweka dhamana ya fedha, ili akikimbia mji uitumie kumalizia. Gharama zote hizo anazirudisha kwenye bei ya kiwanja, na mnunuzi huzilipa polepole kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30. Utaratibu huo umesimama juu ya benki, bima na miji yenye mapato makubwa. Huwezi kuuchomoa ukaupandikiza Kerege kwa ndugu watano waliorithi shamba.

Hapa kwetu, familia inayopanga shamba lake inadaiwa kwanza ardhi ya barabara. Lami inafuata baadaye, na mara nyingi baadaye sana. Ukishika tofauti hiyo, mengine yote yatakuwa mepesi. Uso wa barabara unaweza kuja kwa awamu: leo kuchongwa kwa greda, miaka mitatu ijayo kifusi, siku moja lami. Upana hauji kwa awamu. Mkishauza viwanja 36 na watu wakajenga kuta hadi ukingoni mwa njia ya mita 5, hakuna atakayezirudisha nyuma bila kesi, na aliyejenga ndiye atakayeumia.

Kwa nini mita 5 hazitoshi? Chukua utepe ukapime fuso la mchanga: mwili wake peke yake unakaribia mita 2 na nusu, bila vioo vya pembeni. Mawili yakikutana, mita 5 zimekwisha na bado hujaweka mfereji, nguzo ya TANESCO, bomba la DAWASA wala mtoto anayetoka shule. Michoro mingi ya makazi mapya utakayoonyeshwa huwa na barabara za mtaa za mita 10 au 12, na zile zinazokusanya magari kutoka mitaa kadhaa za mita 15 au 20. Kwenye mita 10, gari linapata kama 6, mfereji mita 1 kila upande, na inabaki mita 1 kila upande kwa nguzo, bomba na waenda kwa miguu. Wala si anasa. Mita hizo zina kazi tangu mwezi wa kwanza wa ujenzi: tipa la kokoto lazima ligeuke, boza la maji lazima lifike, gari la majitaka lazima lisogee karibu na shimo, na gari la zimamoto haliwezi kurudi kinyumenyume mita 180 huku nyumba inaungua.

Sasa muhuri wa mwenyekiti. Muhuri huo unasaidia kuthibitisha kwamba mnajulikana kuwa wenye shamba na kwamba mauziano yamefanyika mbele ya kiongozi. Haugeuzi shamba kuwa viwanja. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inasema ardhi iliyo ndani ya eneo lililotangazwa kwa mipango miji haiendelezwi bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na kwenu mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo. Kwa hiyo swali lenu la kwanza pale ofisini liwe hili: shamba letu limo ndani ya eneo lililotangazwa, au bado ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999? Jibu ndilo litakaloonyesha njia ya kufuata. Ulizeni pia kama kuna barabara kubwa iliyokwisha kuchorwa juu ya shamba lenu, njia ya umeme mkubwa au bomba kuu, au kama limeguswa na maeneo yaliyotengwa kwa uwekezaji kama yale ya pande za Zinga na Mlingotini. Nimeona watu wanalipia mchoro mzima ndipo wanauliza hili.

Tuje kwenye hesabu uliyoitaka. Kabla ya yote, ekari zenu zilipimwaje? Kama ni zile za hatua 70 kwa 70, pimisheni upya. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, na hatua za kijana mrefu si hatua za bibi. Ekari nne za hatua zinaweza kutoka tatu na nusu, au nne na robo.

Tuseme shamba ni mstatili wa mita 90 kwa 180, yaani mita za mraba 16,200, ekari nne na chembe. Dalali amepanga safu nne zenye kina cha mita 20, njia mbili za mita 5 zinazokwenda urefu wote, na viwanja 9 kila safu. Ni 36, kweli. Lakini njia zake zinafia kwenye ua wa nyuma. Hakuna pa kugeuzia, na hakuna pa kuvukia kutoka njia moja kwenda nyingine isipokuwa kurudi mpaka mlangoni.

Zipanue njia zote mbili ziwe mita 10, kisha weka barabara moja ya mita 10 ya kukatiza katikati. Upana uliobaki ni mita 70, safu nne zenye kina cha mita 17.5. Urefu uliobaki ni mita 170, na kila nusu inatoa viwanja vinne vyenye uso wa mita 21.25. Jumla viwanja 32 vya karibu mita za mraba 372 kila kimoja, kabla ya kukata kona za vile vilivyo kwenye makutano ili magari yaonane na yageuke. Ofisi ikiwataka mtenge eneo la umma, ondoeni labda viwanja viwili, mbaki na 30.

Kwa hiyo hamjapoteza nusu ya shamba kama dalali alivyowatisha, kama aliwatisha. Mmetoka 36 kwenda 32, au 30. Ili mpate jumla ileile ya fedha, kila kiwanja kiuzwe juu zaidi kwa asilimia 12.5 mkibaki na 32, au asilimia 20 mkibaki na 30. Ongezeni gharama za mchoro na upimaji. Je, mnunuzi atakubali? Kiwanja kilichopimwa, chenye bikoni (nguzo za mipaka) na namba, ambacho mwenyewe anaweza kukiombea hati na kwenda nayo benki, hakiko soko moja na kipande cha shamba chenye karatasi ya mauziano. Hata hivyo sitakuficha: viwanja vya dalali vitauzika haraka zaidi, pengine mwezi huuhuu, na vyenu vitachukua muda kabla cha kwanza hakijauzwa. Kama kuna ndugu mwenye shida ya fedha ya haraka, kaeni mlizungumze hilo sasa. Mara nyingi ni yeye atakayeuza kipande chake kwa siri katikati ya kazi na kuuvuruga mchoro wa wote.

Utasikia pia mtu akisema, "Uzeni tu, urasimishaji utakuja." Urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa, upo, na umesaidia watu wengi waliokwisha kujenga bila mpangilio. Lakini ni tiba. Wakazi wanakaa kwenye kikao, huyu anaombwa atoe mita mbili za ua wake, yule avunje choo, na bado njia zinazopatikana ni nyembamba kuliko ambazo zingetolewa bure shamba lilipokuwa na minazi tu. Nenda Tanga ukatembee Ngamiani, kule kwenye barabara za namba: mitaa ilinyooshwa kabla ya nyumba, na mpaka leo mgeni anaelekezwa kwa namba ya barabara akafika.

Jambo moja huwauma wengi: ukanda wa barabara haulipwi. Mchoro ukishaidhinishwa na upimaji ukakamilika, ukanda huo haupati namba ya kiwanja wala hati. Unakuwa wa umma. Hamkunyang'anywa; mmeutoa wenyewe ili viwanja vinavyobaki viwe na njia. Hilo ni tofauti na Serikali kutwaa ardhi kwa mradi wake chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, ambako fidia inadaiwa. Na kwa kuwa ni wa umma, msije mkamuuzia mtu "kale kakona kamebaki" akafungua duka la vocha. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza kuja.

Sasa kijia. Barabara za mita 10 ndani ya shamba zinazoishia kwenye mdomo wa mita 3 ni sawa na kufunga bomba la inchi nne kwenye koki ya nusu inchi. Hata mchoro ukiwa mzuri vipi, mpangaji makini hatausaini kabla hajajua watu wa nyumba 30 watatokea wapi. Na kijia hicho, kama ninavyokielewa, mnakipita kwa hisani. Marehemu mama na jirani walielewana. Mtoto wa jirani akirithi anaweza kuweka mwiba asubuhi moja.

Pimeni urefu wa kijia. Tuseme ni mita 60. Kukifikisha mita 10 mnahitaji mita 7 zaidi, yaani mita za mraba 420 za jirani. Angalia namba hiyo: ni ukubwa wa kiwanja kimoja na kidogo juu. Kwa hiyo badala ya kutafuta fedha taslimu ambazo hamna, mnaweza kumpa jirani kiwanja kimoja kilichopimwa ndani ya shamba lenu, naye atoe ukanda. Kwake ni faida mara mbili, maana shamba lake nalo linapata barabara ya mita 10 ubavuni. Makubaliano yaandikwe, mwenza wake akiwa naye atie saini, na ukanda huo uingie kwenye mchoro uleule wenu kama barabara. Usibaki kwenye karatasi ya pembeni.

Akikataa kubadilishana, mwombeni mpange pamoja, mashamba mawili kwenye mchoro mmoja. Ardhi inayokwenda kwenye barabara haitapungua sana kwa kuungana, lakini mtagawana gharama za mchoro na upimaji, na barabara zenu hazitafia kwenye ua wa mtu. Mimi ningeianza njia hii hata kabla ya ile ya kubadilishana, kama majirani wanaelewana. Njia ya mwisho ni kudai haki ya kupita. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaitambua haki ya kupita juu ya ardhi ya mwingine, na mkishindwana kuna usuluhishi wa Baraza la Kata na baadaye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini njia ya kufikia shamba la familia na barabara ya mtaa mzima ni madai mawili tofauti, na mkishafika barazani ujirani umekwisha.

Angalieni pia kijia kinapotokea. Kikitokea kwenye barabara kubwa ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mwenye mamlaka ni TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na kanuni za barabara kuu huhesabu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Humo hakuna kiwanja, na kuunganisha barabara yenu kunahitaji kibali chao. Kikitokea kwenye barabara ya mtaa au ya kijiji, nendeni TARURA, wakala unaosimamia barabara za vijijini na mijini tangu 2017.

Kuhusu ujenzi wenyewe, kwa fedha ndogo kuna kazi tatu ambazo mimi singeziacha. Ya kwanza ni kung'oa visiki na kuchonga barabara zote kwa greda, katikati pakiwa juu kidogo ili maji yashuke pembeni. Ya pili ni kalavati pale mdomoni, mfereji unapokatiza. Ya tatu, bikoni zote zionekane: nguzo fupi ya zege yenye chuma na namba, nyasi zikiwa zimefyekwa kuizunguka, mnunuzi aione kwa macho yake. Kifusi na moramu vinaweza kusubiri. Mkitaka visisubiri, tengeni sehemu ya bei ya kila kiwanja iwe mfuko wa barabara, kwenye akaunti ambayo wawakilishi wa wanunuzi nao wanatia saini. Andikeni kwenye mkataba wa mauziano kile mnachokiahidi na mkomee hapo. "Barabara imetengwa na imechongwa" ni kauli moja, "barabara ipo" ni nyingine, na wakili wa mnunuzi anaijua tofauti.

Msitegemee kwamba TARURA watakuja na lami kwa sababu mchoro umeidhinishwa. Barabara lazima kwanza iingizwe kwenye mtandao wao, kisha isubiri bajeti pamoja na nyingine zote za wilaya. Ikiwa na upana kamili, imechongwa na haina mgogoro, ina nafasi nzuri zaidi ya kuingizwa. Njia ya mita 5 yenye ukuta wa mtu ndani yake haina pa kuanzia.

Na maji. Kabla mpangaji hajachora, nendeni shambani siku mvua kubwa ya masika ikinyesha, au kesho yake asubuhi. Tazameni maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, mpige picha kwa simu. Dalali amechora kiangazi, ndiyo maana karatasi yake imenyooka hivyo. Mkondo wa maji ukipita katikati ya shamba, huo ndio uwe barabara yenye mtaro au eneo la wazi. Ukiugeuza kuwa kiwanja namba 14, mnunuzi wa namba 14 ataujaza kifusi ajenge, na maji yatahamia kwa namba 15. Na kama shamba linagusa mto au ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Ondoeni ukanda huo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mimi siwezi kuwachorea kutoka kwenye barua. Tafuteni mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, mwombeni awaonyeshe usajili wake wa mwaka huu, na mhakikishe anakuja shambani kwa miguu yake kabla ya kutaja bei. Akimaliza mchoro ukapitishwa na halmashauri na kuidhinishwa, ndipo mpima aingie na bikoni. Mpima akianza kabla ya mchoro kuidhinishwa, mnaweza kulipa mara mbili. Kwa dalali, mwambieni asubiri. Atapata kazi ya kuuza wakati wake, na asichukue hata shilingi ya malipo ya awali kwa ile karatasi yake.

Hukutaja mirathi. Kama mahakama bado haijamteua msimamizi wa mirathi ya mama, anzeni huko wiki hii, Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nanyi, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Bila msimamizi, saini zenu watano kwenye mchoro, na hata kwenye makubaliano na jirani, zinaweza kupingwa na mtu yeyote wa familia atakayejitokeza baadaye. Na mkienda kwa jirani kuzungumzia kile kijia, aende huyo msimamizi.